Yatosha, Bwana: namna ya kuanza upya na Mungu ukiwa umekata tamaa

Nabii Eliya alikuwa ametoka kuona moto ukishuka kutoka mbinguni juu ya mlima Karmeli, watu wote wakianguka kifudifudi. Muda si mrefu tunamkuta jangwani, mwendo wa siku moja kutoka Beer-sheba, amekaa chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. "Yatosha," akamwambia Mungu. Kisa kiko katika 1 Wafalme 19, na nitakirudia mara kwa mara humu kwa sababu ya mpangilio wake. Mungu alianza na mkate. Maneno yalikuja baadaye sana, tena kwa sauti ya chini.

Sisi tunaofariji waliovunjika moyo aghalabu huanzia mwisho. Tunamwambia mtu ashangilie, amsifu Mungu, adai ushindi wake, ilhali hata kuoga kumemshinda. Asipoweza, anajiona ameongeza dhambi juu ya huzuni. Basi zisome hatua hizi kwa mfuatano. Za mwanzo hazionekani kuwa za kiroho. Usiziruke.

Hatua ya kwanza: kama unawaza kufa, mwambie mtu leo

Kila mwaka zaidi ya watu 700,000 duniani hufa kwa kujiua, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, na waumini wamo. Kuwa na mawazo hayo hakukutoi katika kundi la watu wa Mungu. Eliya aliyatamka wazi, Yona aliyatamka, Ayubu alilaani siku aliyozaliwa, na Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba huko Asia walilemewa hata wakakata tamaa ya kuishi.

Lakini usikae nayo peke yako. Mtafute mtu mmoja uliye naye karibu au unayeweza kumpigia simu sasa hivi, na usizunguke. Ukisema "nimechoka tu" atakujibu pole. Sema: "Nina mawazo ya kujiua na naogopa kubaki peke yangu. Naomba uje." Akijibu kwa aya na kukata simu, mpigie mwingine. Chochote ulichokuwa unafikiria kukitumia, kitoke mikononi mwako na ndani ya nyumba, apewe mtu akitunze. Kama mawazo yamekuwa mpango wenye siku na njia, hiyo ni dharura kama kutokwa na damu: nenda hospitali, au piga namba ya dharura ya mahali ulipo, na usindikizwe.

Sala inaweza kusaliwa ukiwa njiani kwenda hospitali.

Hatua ya pili: kula, lala, mwone daktari

Malaika alimgusa Eliya, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na agizo lilelile: inuka ule, safari ni ndefu. Hakumuuliza imani yake imekwenda wapi. Hakumkumbusha Karmeli.

Hapa nina neno ambalo baadhi ya wachungaji hawatalipenda. Ukiwa huli, hulali na unakonda, huu si wakati wa kuanza maombi ya kufunga siku tatu. Funga ya Eliya, zile siku arobaini za kwenda Horebu, mlima wa Mungu, ilikuja baada ya milo miwili na usingizi mara mbili. Kwa sasa ibada yako ni kuamka saa ileile kila siku, kutia kitu tumboni hata kama hakina ladha, kutoka nje ukaone mwanga wa asubuhi, na kutembea kidogo.

Kama huzuni, kukosa hamu ya kila kitu, usingizi kuharibika na kujiona hufai vimedumu wiki mbili au zaidi, nenda kwa daktari. Hali hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Inaweza pia kuwa upungufu wa damu, hitilafu ya tezi ya shingoni, au mabadiliko yanayompata mama baada ya kujifungua. Ukipewa dawa za sonona, jua kwamba huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na haziachwi ghafla bila kumwuliza aliyekuandikia. Anayekuambia kumeza dawa ni kukosa imani, mwulize kama naye huvua miwani yake akienda kusali.

Hatua ya tatu: mlalamikie Mungu, na umlalamikie yeye mwenyewe

Hapa ndipo maisha ya rohoni huanza kurudi, na hapa ndipo wengi tumefundishwa vibaya. Tumelelewa tukiamini kwamba sala ni mahali pa adabu, kwa hiyo mtu akiwa na hasira na Mungu ananyamaza, na kimya kile kinageuka kuwa safari ya kuondoka. Biblia yenyewe haina aibu hiyo. Sehemu kubwa ya Zaburi ni maombolezo. Mtu anayemgombeza Mungu bado anamtazama usoni, na hiyo tayari ni imani, hata yeye asipoitambua.

Anza na Zaburi 13. Ni fupi, aya sita. Isome kwa sauti, kisha uangalie jinsi ilivyojengwa. Aya mbili za kwanza ni malalamiko, na neno "hata lini" linarudi tena na tena: hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso wako. Aya mbili zinazofuata ni ombi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Mbili za mwisho ni tumaini. Sasa chukua karatasi uandike yako kwa mtindo huohuo.

Katika malalamiko, taja mambo kwa majina yake. "Bwana, nimepitia mapito mengi" ni sentensi inayoficha. Andika: "Mtoto wangu alikufa na wewe ulikuwepo." Andika: "Nilikuomba ndoa hii isivunjike, miaka minne, ikavunjika." Katika ombi, omba kitu kimoja cha leo. Usingizi wa usiku huu unatosha kuombwa. Katika sehemu ya tumaini, andika kile tu unachoweza kukisema bila kudanganya. Kama unachoweza ni "bado naongea na wewe", basi weka hicho.

Na kama sehemu ya tatu haiji kabisa? Fungua Zaburi 88. Hiyo haina sehemu ya tatu. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, rafiki na mpenzi wametengwa mbali, na hakuna aliyeiongezea mwisho mzuri. Walioyakusanya maandiko waliiacha humo, na Wayahudi na Wakristo wameisali hivyo kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Wakati mmoja niliisali kila jioni kwa karibu mwezi mzima, kwa sababu ilikuwa sala pekee ambayo haikuniomba niigize.

Kitabu cha Maombolezo nacho kinafaa kwa hatua hii. Kina sura tano. Aya zinazopendwa sana, kwamba rehema za Bwana hazikomi, ni mpya kila siku asubuhi, ziko katika sura ya tatu, katikati kabisa ya kitabu. Kabla yake ni magofu na baada yake ni magofu, na sura ya mwisho inamalizika kwa swali la kama Mungu amewakataa kabisa. Ninakipenda kwa hilo. Tumaini limekaa katikati ya kilio, halijakifuta.

Fanya hivi kwa siku saba kabla ya kuendelea. Dakika kumi kwa siku zinatosha.

Hatua ya nne: pambanua kinachokulemea

Kukata tamaa ni neno moja lenye mambo mengi ndani, na kila moja lina mlango wake wa kutokea. Huzuni ya msiba haihitaji toba. Inahitaji muda na mtu wa kukaa naye. Rafiki zake Ayubu walifanya jambo jema moja: walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Waliharibu walipofungua vinywa. Sonona inahitaji matibabu. Ukavu wa kiroho, pale sala inapokuwa kama kutafuna mchanga ingawa mengine ya maisha yanakwenda, unahitaji uvumilivu zaidi ya kitu kingine. Iliyobaki ni hatia, na hiyo nitaikalia kidogo.

Hatia ya kweli ina jina na tarehe. Unaweza kusema: nilifanya hivi, kwa fulani, siku ile. Hatia ya uongo ni ukungu: najisikia mbaya, Mungu amenichoka, mimi ni laana. Ukungu hauungamwi, maana hauna la kushika. Ukijikuta umetubu jambo lilelile mara kumi bila nafuu, jiulize kama kweli ni dhambi au ni ugonjwa na lawama ulizobebeshwa na wengine. Mtu aliyeteswa au kudhulumiwa utotoni hana cha kutubu kuhusu kilichotendwa juu yake.

Kwa hatia yenye jina, njia iko wazi. Iseme mbele za Mungu bila kuipunguza na bila kuipamba. Kisha iseme mbele ya mtu mmoja wa kuaminika: padre katika kitubio, mchungaji, au muumini mzima anayejua kutunza siri. Yakobo aliagiza waumini waungamiane, na anayejaribu hugundua sababu: dhambi iliyotamkwa mbele ya binadamu, naye asikimbie, hupoteza nguvu zake nyingi. Mwisho, rudisha kinachorudishika. Zakayo, yule mtoza ushuru, aliahidi kurudisha mara nne.

Ukiona aibu kuanza, soma kisa cha mwana mpotevu katika Luka 15 polepole. Yule kijana akiwa bado kwenye nguruwe alitunga hotuba yenye sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Baba alimwona angali mbali, akakimbia. Kijana alipoanza hotuba yake alifika sehemu ya pili tu. Ile ya kuomba utumwa hakupata nafasi ya kuisema. Baba alikuwa ameshaagiza joho.

Na Petro je? Alimkana Yesu mara tatu akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Katika Yohana 21, baada ya ufufuo, Yesu anamngoja ufukweni, na pale pana tena moto wa makaa. Katika Agano Jipya zima, neno hilo la Kiyunani la moto wa makaa linapatikana sehemu hizo mbili peke yake. Petro aliulizwa mara tatu kama anampenda, na kila alipojibu alipewa kazi. Yesu alimrudisha kwenye harufu ileile ya moshi, mahali hasa palipouma.

Hatua ya tano: jikabidhi, hata kwa imani ndogo

Sasa unaweza kuomba uzima mpya. Kwa aliyewahi kuamini akapoa, ni kurudi. Kwa ambaye hajawahi, ni mwanzo, ule ambao Yesu alimwambia Nikodemo usiku kwamba ni kuzaliwa mara ya pili. Wapo wanaoliita jambo hili kuokoka na wapo wanaoongelea kufanya upya ahadi za ubatizo. Usikwame kwenye msamiati.

Huhitaji maneno maalumu. Sala fupi ya uaminifu zaidi ninayoijua ni ya baba mmoja katika Marko 9, aliyemleta mwanawe mgonjwa: naamini, nisaidie kutokuamini kwangu. Yesu hakumrudisha nyumbani akaongeze imani, alimponya mtoto. Ukitaka mfano mrefu kidogo, sema hivi: "Bwana Yesu, mimi mwenyewe nimeshindwa. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka, na pale nisipoamini nisaidie. Nisamehe. Nichukue nilivyo. Kuanzia leo nataka kukufuata, hata nikiwa nakokota miguu."

Usipime sala hiyo kwa machozi au kwa joto la kifuani. Wengine hulipata. John Wesley, aliyekuwa kasisi wa miaka mingi, aliandika kwamba jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mmoja London, alihisi moyo wake umepashwa joto kwa namna ya ajabu. Husimuliwa sana. Kinachosimuliwa kidogo ni kwamba miezi michache baadaye alikuwa bado anaandika mashaka makali katika shajara yake. Augustino, aliyekuja kuwa askofu mashuhuri wa Kanisa la kale, alipata wepesi wa moyo bustanini Milano mwaka 386, lakini akabatizwa Pasaka ya 387, baada ya miezi ya kufundishwa. Tukio na mafunzo vilikwenda pamoja.

Kwa hiyo ndani ya wiki hiyohiyo mtafute kiongozi wa kanisa umweleze, uulize kuhusu mafundisho na ubatizo. Sala uliyoisali chumbani peke yako bila kumwambia yeyote husinyaa haraka.

Hatua ya sita: kanuni ndogo ya siku

Inasimuliwa juu ya Abba Antoni wa Misri, baba wa wamonaki aliyefariki mwaka 356, kwamba siku moja alilemewa na uchovu wa roho na mawazo ya giza. Akamlilia Mungu amwonyeshe la kufanya. Alipotoka nje akaona mtu kama yeye, ameketi anasuka kamba, kisha anasimama kusali, kisha anaketi kusuka tena. Akaambiwa: fanya hivi utaokoka. Ndiyo yote.

Yako iwe ndogo hivyo. Asubuhi, sura moja ya Injili ya Marko. Ina sura 16, kwa hiyo ndani ya siku 16 umemtembea Yesu mwanzo hadi mwisho. Soma kwa mpangilio. Acha kufungua Biblia popote na kutia kidole, mchezo huo huwaumiza wenye huzuni kwa sababu wanatua kwenye laana na kudhani ni ujumbe wao. Baada ya kusoma, andika sentensi moja tu: leo Yesu amefanya nini. Jioni, zaburi moja na Baba Yetu. Ukilala kabla hujamaliza, umelala. Ukikosa siku, hakuna deni la kulipa kesho.

Ongeza kanuni moja aliyoifundisha Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, ambaye mwaka 1522 huko Manresa aliteswa na lawama za dhamiri hadi akashawishika kujitupa shimoni. Alisema wakati wa giza la moyo usibadili uamuzi uliofanya ukiwa na utulivu. Kama ulipokuwa na nuru uliamua kwenda ibadani, kumeza dawa, kutorudi kwa mtu anayekupiga, basi usiku wa giza si wakati wa kuvunja hayo. Unayotaka kuyabadili yaandike, uyaangalie tena mambo yakitulia.

Hatua ya saba: acha wengine wakubebe

Marko 2: watu wanne wanambeba aliyepooza, wanatoboa dari, wanamshusha. Injili inasema Yesu alipoiona imani yao. Imani ya mgonjwa mwenyewe haikutajwa. Kama huwezi kuamini wiki hii, nenda pale wanapoamini ukakae. Wao wataimba, wewe sikiliza. Keti karibu na mlango ukitaka, ondoka kabla ya salamu za mwisho, lakini rudi wiki ijayo. Mwombe mtu mmoja akuulizie hali kila baada ya siku tatu, na umwambie hutaki mahubiri.

Chagua kanisa kwa macho wazi. Wakidai fedha ili uombewe, wakikuambia uache dawa, wakitaka ukate uhusiano na ndugu zako, wakitangaza siri yako madhabahuni au kukupiga wakidai wanatoa pepo, ondoka. Hutakuwa umemwacha Mungu.

Siku utakapopata nguvu kidogo, beba na wewe kitu. Eliya alipofika Horebu alirudia malalamiko yake neno kwa neno mara mbili, na Mungu hakubishana naye. Alimpa kazi, akampa mwenzi aitwaye Elisha, na akamwambia kwamba wako watu elfu saba waliobaki waaminifu. Yeye alikuwa amehesabu mmoja. Kazi yako inaweza kuwa kupanga viti au kumpigia simu mjane.

Siku mbaya zikirudi

Zitarudi. Mhubiri Charles Spurgeon alikuwa na miaka 22 pale, tarehe 19 Oktoba 1856, mtu alipopiga ukelele wa moto katikati ya mahubiri yake London. Moto haukuwepo, lakini watu 7 walikufa katika msukumano. Huzuni ilimrudia mara kwa mara maisha yake yote, akaendelea kuhubiri, na aliwaambia wanafunzi wake waziwazi. Barua za Mama Teresa zilipotoka mwaka 2007 dunia ilishangaa kuona miaka mingi aliyosali bila kuhisi kitu.

Kwa hiyo jiandalie karatasi ukiwa mzima: majina mawili ya watu wa kupigia, jina la daktari, zaburi moja, na ile sentensi ya hatua ya kwanza. Ibandike mahali utakapoiona. Siku hiyo ikifika, usianze kutafuta sababu. Kula, lala, piga simu, kisha rudi hatua ya tatu.

Neno la Kiebrania tunalolitafsiri tumaini, *tikva*, ndilo linalotumika katika Yoshua 2 kwa ile kamba nyekundu Rahabu wa Yeriko aliyoifunga dirishani. Aliifunga, akarudi ndani kwa jamaa zake, akangoja, na kuta za mji zilikuwa bado zimesimama.

Kuhusu Eliya, fungua 2 Wafalme 2. Anatembea na Elisha, wanaongea njiani, gari la moto linatokea, naye anapaa mbinguni kwa upepo wa kisulisuli. Lile ombi la chini ya mretemu halikujibiwa kabisa. Hakufa.